Nduaro usiku: soma ncha ya mshipi kabla hujailaumu rili

Ukipoteza nduaro usiku, usiitupe ncha ya lida iliyorudi, yaani kile kipande kinene cha nailoni kinachofungwa kati ya mshipi na ndoana. Kata sentimita 50 za mwisho, zitie kwenye mfuko, andika juu yake kina ulichokuwa ukivulia na kilo ulizoweka kwenye breki inayozuia mshipi kutoka, kisha tuletee dukani pamoja na rili, gurudumu la kuzungushia mshipi. Wateja wengi hutuletea rili peke yake wakiamini ndiyo yenye kasoro. Mara nyingi rili haina neno. Kasoro iko kwenye mita 2 za mwisho, kati ya swiveli (kiungo kinachozunguka ili mshipi usisokotwe) na ndoana, na mita hizo huacha alama zinazosomeka.

Tunayemzungumzia ni nduaro wa upanga, Xiphias gladius, mwenye mdomo mrefu ulio bapa na jicho kubwa, si sulisuli mwenye tanga mgongoni. Hawa wawili hawavuliwi kwa namna moja, na makosa mengi tunayoyaona hutokana na mtu kumfungia nduaro wa upanga vifaa vya sulisuli.

Sasa ile ncha. Ikiwa na vizingo vidogo vidogo mwishoni kama springi, fundo lilifunguka au nailoni iliteleza ndani ya slivu, kile kibomba cha chuma kinachobana kitanzi cha lida. Hapo hakuna cha kumlaumu samaki. Ikiwa imekatika safi, mshazari, na sehemu iliyo juu yake haina mkwaruzo wowote, aliyeikata ni mwenye meno, na usiku kwenye maji marefu huyo huwa ni papa. Nduaro mkubwa hana meno. Ikiwa nailoni imekuwa nyeupe na ina manyoya kwa urefu wa sentimita 30 au 60 kabla ya mahali ilipokatikia, huo ni upanga: samaki alikuwa akipambana huku mshipi ukisuguana na ukingo wa mdomo wake. Ikiwa imekatika pale pale inapoingia kwenye slivu, slivu ilibanwa hadi ukingoni ikageuka kisu. Na ikiwa lida nzima imerudi, ndoana ipo na imeshika kipande cha nyama laini, basi ulivuta kwa nguvu kuliko mdomo wa samaki unavyoweza kuhimili. Hii ya mwisho ndiyo tunayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo ambayo wateja hukubali kwa shida zaidi, kwa sababu kila kifaa kimerudi kizima.

Samaki mwenyewe

Mchana nduaro hukaa chini sana, mita 400 hadi 600 na hata zaidi, kwenye maji ya baridi na giza. Jua likizama, ngisi na samaki wadogo wa kina kirefu hupanda, naye huwafuata hadi kwenye mita 100 za juu. Kupanda huko ndiko kunakofanya uvuvi wa usiku uwezekane kwa rodi na mikono. Ana kiungo cha misuli karibu na macho ambacho hakikazi wala hakisukumi chochote, kazi yake ni kuzalisha joto. Mwanasayansi Francis Carey alikieleza mwaka 1982. Kwa kuwa ubongo na macho yake hubaki na joto, huona vizuri kitu kinachosogea hata akiwa kwenye maji baridi. Ndiyo maana chambo kinachozunguka vibaya humshtua, na taa ndogo kabisa humvutia kutoka mbali.

Jambo la pili la kukumbuka ni jinsi anavyokula. Mara nyingi hupiga kwanza kwa upanga, akakijeruhi chambo au kukikata, kisha hurudi kukiokota. Pigo la kwanza unalolisikia kwenye rodi linaweza lisiwe mdomo kabisa. Anayevuta pale hupata ngisi mwenye alama ya mkato na ndoana isiyo na kitu.

Lida, slivu na ndoana

Kwa usiku tunafunga lida ya nailoni inayohimili mvuto wa kilo 136, yaani pauni 300, yenye urefu wa mita 2. Maji yakiwa maangavu na mwezi ni mkubwa, tunashuka hadi kilo 90. Chini ya hapo hatufungi, hata mteja akiomba, kwa sababu ya ule msuguano wa upanga. Mwisho wenye ndoana tunaupitisha kwenye kibomba kidogo cha plastiki ngumu au kikingio cha chuma kisichoshika kutu ili kitanzi kisisagike kwenye jicho la ndoana.

Slivu ziwe za alumini, zenye matundu mawili, na zilingane na unene wa nailoni. Usiamini namba ya pauni iliyoandikwa kwenye paketi: nailoni mbili za pauni 300 kutoka kwa watengenezaji tofauti hazina unene mmoja. Pima kwa kalipa. Nailoni inapaswa kupita kwenye tundu kwa kukwama kidogo tu. Ikipita ikichezacheza, slivu ni kubwa, na hata ukiibana vipi itateleza mzigo ukiwa mkubwa.

Kubana kwenyewe ndiko kunakoharibu kazi nyingi za nyumbani. Pitisha nailoni, tengeneza kitanzi, rudisha ncha kwenye tundu la pili hadi itokeze kama sentimita 1. Yeyusha ncha hiyo kwa kiberiti cha gesi hadi iwe kichwa kidogo cha mviringo, huku ukiilinda sehemu iliyobaki isiguswe na moto. Irudishe nyuma mpaka kichwa kikaribie slivu. Weka slivu kwenye koleo lenye taya za vikombe viwili vinavyotazamana, ikiwa imesimama wima ili kila tundu liwe ndani ya kikombe chake. Bana katikati kwanza, kisha kila upande, lakini acha milimita 1 hadi 2 kila mwisho bila kuzigusa. Miisho hiyo ikibaki wazi hutanuka kidogo kama mdomo wa kengele, na nailoni inaingia bila kukutana na ukingo mkali. Ukiona slivu imejipinda baada ya kubanwa, ikate na uanze upya. Usijaribu kuinyoosha.

Kisha ijaribu. Funga kitanzi kwenye kitu imara, vuta kwa mizani ya springi hadi kilo 35, shikilia sekunde 10, halafu tazama kama kile kichwa kilichoyeyushwa kimesogea. Vaa miwani na simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa mvuto. Tunafanya hivyo kwa kila lida inayotoka hapa, na yeyote anayejifungia mwenyewe anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kifaa kisicho cha gharama.

Ndoana namba 9/0 au 10/0 inatosha kwa ngisi wa sentimita 25 hadi 30. Kipimo cha kweli si namba, ni nafasi: baada ya kumvisha ngisi, kati ya ncha na shina la ndoana pabaki wazi. Ndoana iliyojaa nyama ya chambo haishiki. Ncha iwe kali kiasi cha kukwama kwenye ukucha wa kidole gumba ukiikokota bila kuisukuma. Ikiteleza, ipige tupa. Ndoana za duara hushika pembe ya mdomo na ni salama zaidi kwa samaki atakayeachiliwa, na kuna maji ambayo sheria inazitaka kwa baadhi ya uvuvi. Ukizitumia, sahau kabisa kuvuta kwa kishindo. Unakaza polepole tu.

Kumfunga ngisi asizunguke

Ngisi ndiye chambo cha kutegemea. Vibua na vipande vya tumbo la faulusi hufanya kazi, lakini ngisi huvumilia masaa ndani ya maji na nduaro humfuata kwa asili. Myeyushe barafu ndani ya maji ya chumvi yaliyo baridi. Maji matamu humlainisha na kumpausha, na ngisi aliyelainika hukatika kwenye pigo la kwanza la upanga.

Toboa tundu dogo kwenye ncha ya juu ya mwili, pale palipochongoka. Kwa sindano ndefu, pitisha lida kutoka hapo, ishuke ndani ya mwili na kutokea penye shingo, kisha ipite kichwani. Hapo ndipo unapofunga ndoana. Ivute nyuma ili mpindo wake ukae ndani ya kichwa na ncha itokeze katikati ya macho. Sasa mnyooshe ngisi juu ya ubao, na hatua hii usiiharakishe. Mahali lida inapotokea kwenye ncha ya mwili, izungushie uzi wa nta mara 8, kaza, kisha pitisha sindano kwenye nyama na uushone uzi huo humo humo. Uzi huu ndio unaobeba ngisi. Usipokuwepo, mwili wote utateleza na kurundikana juu ya ndoana dakika chache baada ya kuingia majini.

Kabla hujakaza mshono huo, hakikisha ngisi amelala sawa: mwili usivutwe ukajikunja, wala usilegee ukapata mkunjo. Kosa la sentimita 1 hapa humfanya azunguke. Malizia kwa kushona shingo na mwili pamoja sehemu 4, mbele, nyuma na ubavuni, ili upanga ukimpiga kichwa kisiachane na mwili.

Mjaribu kando ya chombo kabla ya kumteremsha. Mkokote mita 3 kwa mwendo wa kutembea. Akienda sawa na mikono yake imetulia nyuma, mteremshe. Akizunguka hata kidogo, mtoe na umrekebishe. Ngisi anayezunguka kwa masaa mawili huusokota mshipi mpaka swiveli inashindwa, na ukilegeza tu unajifunga vitanzi kwenye ncha ya rodi. Swiveli iwe ya gololi, ya kilo 136 au zaidi. Zile za shaba za kawaida hukwama zikiwa na mzigo.

Chubwi, taa na boya

Juu ya swiveli, panda mita 3 na ufunge taa. Panda mita 3 nyingine na ufunge chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi. Ukiziweka pamoja zitagongana na kusokotana kila mawimbi yanapoinua chombo. Vyote viwili tunavifunga kwa namna moja: uzi wa nta unazungushwa kwenye mshipi mara 10, kisha unaacha kitanzi cha sentimita 3. Kwenye kitanzi hicho unabana klipu ya taa au ya chubwi. Samaki akija, msaidizi anafungua klipu kwa mkono mmoja, na kitanzi kinapita kwenye pete za rodi bila kukwama. Chubwi lililofungwa moja kwa moja kwenye mshipi ni hatari, kwa sababu litaishia kwenye pete ya mwisho ya rodi samaki akiwa bado yuko mita 8 chini, na hapo huna la kufanya ila kuushika mshipi kwa mikono kabla ya wakati.

Kwa chambo cha mita 90 anza na chubwi la gramu 450, cha mita 60 gramu 340, cha mita 30 gramu 230. Mkondo ukiwa mkali, ongeza.

Taa za kijani na buluu hufika mbali zaidi ndani ya maji ya bahari kuu. Nyekundu hufifia kwenye mita chache za mwanzo, kwa hiyo usinunue. Vijiti vya mwanga vya kuvunja ni rahisi na hudumu usiku mzima, ingawa nguvu yao hupungua kadiri masaa yanavyokwenda na maji yanavyokuwa baridi. Taa za betri hung'aa sawasawa muda wote, na matatizo yake karibu yote hutoka kwenye pete ya mpira inayozuia maji. Unywele mmoja au punje ya chumvi juu ya pete hiyo inatosha kuruhusu maji kwenye mita 60. Kila unapobadilisha betri, toa pete, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ipake silikoni nyembamba, irudishe. Taa iliyoingia maji uifungue polepole, uso ukiwa mbali, kwa sababu betri zilizolowa hutoa gesi na kifuniko kinaweza kuruka.

Kuhusu maboya: tunauza ya povu, yenye klipu, ya kutumika tena na tena. Maputo hatuuzi. Puto lililopasuka hubaki baharini, na kasa hulimeza. Bandika kijiti cha mwanga juu ya kila boya, kila moja na rangi yake, ili ukiona boya la kijani linakwenda kinyume na mkondo ujue ni rodi ipi ya kuikimbilia.

Kina unachodhani na kina chenyewe

Hapa ndipo usiku mwingi hupotea bila mtu kujua. Mshipi wa mita 100 hauko kwenye kina cha mita 100 isipokuwa umesimama wima. Ukilala nyuzi 30 kutoka wima, chambo kiko kwenye mita 87. Nyuzi 45, mita 71. Nyuzi 60, mita 50 tu. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba mshipi umenyooka, wakati ndani ya mkondo hujipinda na kukuinulia chambo zaidi. Mvuvi anayesema "nimevulia mita 90 usiku kucha" huku mshipi wake ukienda mbali mlalo, alikuwa akivulia mita 40.

Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni chubwi zito zaidi. Ya pili, iliyo bora, ni kupunguza mwendo wa chombo kwa nanga ya kuelea, ile ya mfano wa mwavuli inayofungwa omo, mbele ya chombo. Chombo kikichukuliwa na maji kwa mwendo wa fundo 1 hadi 2 (maili za baharini kwa saa), kina hutawalika. Ukizidi fundo 3, hata chubwi la gramu 450 halitoshi.

Mshipi wenyewe tunauwekea alama kila mita 25 kwa uzi wa nta: zingo moja kwa mita 25, mawili kwa 50, matatu kwa 75. Alama za wino hufutika na usiku huzioni. Uzi unasikika chini ya kidole gumba unapoteremsha gizani, bila kuwasha taa na bila kuhesabu mizunguko ya rili. Mizunguko haina maana kama kipimo, kwa kuwa kila mmoja hutoa mshipi mchache zaidi kadiri mshipi uliozungushwa kwenye bobini ya rili unavyopungua.

Mwezi nao una sauti. Mbalamwezi ikiwa kubwa, mwanga huingia ndani zaidi na nduaro hubaki chini. Shusha seti nzima mita 15 hadi 30. Wakati wa giza, panda, na usidharau chambo cha mita 20, hasa ukiona ngisi wanakusanyika kwenye mwanga wa chombo.

Mahali pa kuanzia ni mteremko wa bahari, pale sakafu inaposhuka kutoka mita 300 kwenda 600, na zaidi kwenye mabonde ya chini ya bahari na vilima vinavyokatiza mkondo. Penye mpaka wa maji ya joto na ya baridi pana chakula, na penye chakula atapita.

Kupanga rodi nne

Chombo kikiwa kimekaa ubavu kwa upepo, teremsha upande upepo unakotoka, ili unaposukumwa mishipi ibaki ikienda mbali nawe na isipite chini ya chombo. Anza na ya mbali kabisa: chambo kwenye mita 90, boya likiwa mita 80 kutoka kwenye chombo. Ya pili, mita 60, boya kwenye mita 40. Ya tatu haina boya, inaning'inia kutoka kwenye ncha ya rodi upande wa omo kwenye mita 45. Ya nne, upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, mita 20 hadi 25. Usiteremshe ya pili kabla ya kwanza haijatulia. Wenye haraka hapa hutumia saa nzima kufungua misokotano.

Ukiwa na watu wawili tu, vulia rodi mbili. Nne zinahitaji mikono minne isiyoogopa giza.

Breki

Kwa mshipi wa pauni 80, ambao ni kama kilo 36, weka breki ya kungojea kilo 4 hadi 5 na breki ya kupambana kilo 8 hadi 9. Pima kwa mizani, mshipi ukipita kwenye pete zote za rodi, rodi ikiwa imeinuliwa kama utakavyoishika. Kuvuta moja kwa moja kutoka kwenye rili kunakupa namba ndogo kuliko ile samaki anayoisikia.

Kuna jambo ambalo ukilielewa litakuokolea samaki. Breki huongezeka yenyewe mshipi unapotoka. Kipenyo cha mshipi kwenye bobini kikipungua hadi nusu, kilo zinakuwa maradufu. Ulianza na 9, sasa una 18, na juu ya hizo kuna uzito wa mita 300 za mshipi zinazokokotwa ndani ya maji. Mdomo wa nduaro hauhimili hilo. Samaki akikimbia mbali, punguza breki. Mikono yote itakuambia uongeze, na ndipo kile kipande cha nyama laini kinaporudi peke yake kwenye ndoana.

Kabla ya msimu, breki ifunguliwe. Sahani zake zikiwa na chumvi au mafuta yasiyo yake, huvuta kwa kukwama na kuachia, na kila kukwama ni mshtuko kwenye mdomo wa samaki. Rili yenye breki laini ya kilo 7 ni bora kuliko yenye breki ya kilo 12 inayorukaruka. Ukishamaliza safari, legeza breki kabisa kabla ya kuiweka. Ikikaa imebanwa miezi, sahani hushikana.

Anapogusa

Ukisikia pigo, usifanye kitu. Shika rodi, kidole kwenye mshipi, ngoja. Kuna namna tatu zinazofuata. Rodi inaweza kuinama na kubaki imeinama: sukuma breki hadi ya kupambana na uzungushe rili kwa kasi mpaka uzito ujae. Boya linaweza kuzama au kuanza kusafiri: fanya vivyo hivyo, lakini ujue kuna mshipi mwingi uliolegea kati yako na boya wa kukusanya kwanza. Ya tatu ndiyo inayowapotezea wengi: mshipi unalegea ghafla, kana kwamba chubwi limekatika. Huyo ameshakichukua chambo na anapanda nacho. Zungusha rili kwa nguvu zako zote, wala usisimame kuuliza kama bado yupo, mpaka usikie uzito. Wengi huacha kuzungusha baada ya mita 20, naye akiwa na 30 zilizolegea hutikisa kichwa na kuitema ndoana.

Likipigwa pigo moja kisha kimya, teremsha mita 3, subiri dakika moja, pandisha mita 5 polepole. Bila jibu kwa dakika 10, toa ngisi umkague. Mwenye mkato habaki majini.

Samaki akishashika, mishipi mingine yote itoke majini mara moja, na injini iwe tayari. Nduaro mara nyingi huja juu kwa upole kisha akiona chombo huzama moja kwa moja. Pambano la kweli huanza hapo.

Ubavuni mwa chombo

Upanga una kingo kali, na samaki ambaye hajachoka ni hatari kwa kila aliye karibu. Anayeshika lida avae glavu nene, na asiizungushe mkononi kiasi asichoweza kuachia. Mtu mmoja aseme, wengine wanyamaze. Chusa, ule mkuki wa kurusha, kiwe na kamba yake na boya, kamba ikiwa imepangwa ndani ya ndoo ili isimzunguke mtu mguu, na kirushwe nyuma ya kichwa, juu ya bega la samaki. Kiopoo, ndoana kubwa yenye mpini, hufuata baadaye. Anayeingia na kiopoo kwanza kwa samaki mwenye nguvu hukosa au huvunja mpini.

Samaki mdogo usimpandishe. Mpime akiwa majini, kutoka ncha ya taya la chini hadi kwenye panda ya mkia, kwa kuwa upanga hauhesabiwi. Kima cha chini hutofautiana kati ya nchi na nchi. Upande wa Atlantiki wa Marekani ni inchi 47, sawa na sentimita 119. Kata lida karibu na ndoana na umwachie. Uliyemchukua mtoe damu papo hapo, ondoa matumbo na mashavu ya kupumulia, jaza barafu ndani ya tumbo na kumzunguka. Na uwaambie utakaowapa nyama: nduaro ana zebaki nyingi, na mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani huwashauri wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo wasimle.

Taa za chombo

Chombo kinachochukuliwa na maji injini ikiwa imezimwa bado kiko safarini kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini za mwaka 1972. Washa taa za safari, si ya nanga. Taa nyekundu juu ya nyeupe ni za vyombo ambavyo zana zao za uvuvi zinavizuia kugeuka, na rodi nne hazikuingizi humo. Taa za sitaha zisifunike taa za safari, na mtu mmoja awe kwenye zamu ya kutazama muda wote, asiyehusika na rodi. Kichwani tumieni taa nyekundu. Macho huchukua kama nusu saa kuzoea giza, na taa moja nyeupe inayafuta yote hayo.

Unapotuletea vifaa

Seti ya usiku tunayoifunga ina lida 6 zilizojaribiwa, swiveli 6 za gololi, machubwi ya uzito tatu, klipu na uzi wa nta. Rili tunaiwekea alama za kina na kupima breki ikiwa imejaa na ikiwa nusu, kisha tunakuandikia namba zote mbili kwenye kibandiko chini ya rili. Njoo na rodi utakayoitumia, si rili tu, kwa sababu pete mbovu hubadilisha kipimo. Njoo na ngisi mmoja pia wa ukubwa unaoutumia: lida hukatwa na ndoana huchaguliwa kwa kipimo chake. Lida iliyokwisha kumpata samaki, hata kama inaonekana nzima, usiirudishe kwenye seti. Ipitishe kati ya vidole. Ukisikia mkwaruzo wowote, ikate.